Kanisa Asumbi, ngome Thimlich: Safari ya Mwalimu

Katika sebule ya mama yangu kijijini kuna kalenda ya mwaka wa 1974 ambayo haijatolewa ukutani hadi leo. Si kwamba mama hajui tuko mwaka gani. Anazipenda picha zake. Kila mwezi una jengo la kale la Ufaransa: Januari ni Mont-Saint-Michel, abasia iliyojengwa juu ya mwamba ambao maji ya bahari yakijaa huuzunguka pande zote, Julai ni kasri la Chambord na minara yake isiyohesabika. Abasia, kwa asiyejua, ni makao ya watawa pamoja na kanisa lao, na huko Ulaya nyingi zina umri wa miaka elfu moja na zaidi.

Kalenda hiyo alipewa na padri mmoja alipokuwa akimaliza masomo ya ualimu katika Chuo cha Asumbi. Akaibeba hadi shule yake ya kwanza, na kwa zaidi ya miaka thelathini ikawa ndicho kifaa chake cha kufundishia. Mamia ya watoto wa darasa la sita na la saba, nami nikiwa mmoja wao, tulisimamishwa mbele yake na kuulizwa kwa nini wafalme wa kale walichimba mahandaki kando ya kuta zao. Aliyekosa alibaki amesimama.

Mpenzi msomaji, safari ninayokusimulia leo ilianzia kwenye swali moja la mwanangu, kijana wa kidato cha pili. Mama alikuwa amekuja Nairobi likizo ya Agosti kumwona daktari wa magoti. Jioni moja kijana akainua uso kutoka kwenye simu yake akamwuliza, "Dani, ulipokuwa Asumbi walikupelekeni kuona Thimlich Ohinga?" Dani ni bibi kwa Kijaluo.

Mama alinyamaza kidogo. "Nimeisikia," akasema.

"Lakini ni karibu! Hapa inaonyesha si mbali na Asumbi."

Mama hakujibu. Nilimwona akikunja kitambaa chake mara mbili, mara tatu. Ninamfahamu Mwalimu. Hapendi kukosa jibu mbele ya mwanafunzi. Kesho yake asubuhi, akiwa bado na dawa za daktari mkononi, akanitangazia kwamba magoti yake yanaweza kungoja na kwamba anataka kwenda Asumbi, kisha huko kwingine.

Tuliondoka Nairobi Ijumaa alfajiri: mimi, mume wangu kwenye usukani, kijana wetu, dada yake wa miaka tisa, na Mwalimu aliyeketi mbele. Tulishika njia ya Narok na Bomet hadi Kisii, ambako ndizi huuzwa kando ya barabara kwa bei ya kumtia aibu mwuzaji wa Nairobi, kisha tukateremka hadi Rongo na kushika njia ya kuelekea Homa Bay. Asumbi iko huko, katika eneo la Rangwe. Si mji. Anayeipita kwa matatu ataona shule, wanafunzi waliovalia sare, miti mirefu, na huenda asigeuze kichwa.

Lakini ukiingia ndani ya misheni unakuta kwamba mahali hapo ni kama kijiji chenye kazi moja, kusali na kusomesha. Kuna kanisa. Kuna shule ya upili ya wasichana inayojulikana nchi nzima. Kuna chuo cha walimu. Tena kuna makao makuu ya masista Wafransisko wa Mtakatifu Yosefu, shirika la watawa wa Kiafrika lililokulia papo hapo na ambalo kwa jina linaitwa la Asumbi. Mwanachuoni atanisahihisha kwamba hiyo si abasia. Sawa. Lakini nikiwaona masista wakivuka uwanja kwenda sala za jioni, wawili wawili, bila haraka, niliikumbuka picha ya Januari ya kalenda ya mama.

Historia ya mahali hapa imepita njia ambayo wengi hawaitarajii. Mtu angedhani Ukatoliki uliingia Nyanza ukitokea Mombasa kwa reli. La hasha! Ulitokea Uganda. Mapadri wa shirika la Mill Hill, lililoanzishwa na Herbert Vaughan jijini London mwaka wa 1866, walifika Uganda mwaka wa 1895. Wakati huo sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ya leo ilihesabiwa kuwa mkoa wa Uganda, na ilihamishiwa upande wetu mwaka wa 1902 tu. Mapadri hao wakaanza kazi Kisumu mwaka wa 1903, Mumias mwaka uliofuata, na Nyabururu kwenye milima ya Kisii mwaka wa 1911. Asumbi ilifunguliwa baada ya hapo, kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza.

Haukuwa wakati mwema wa kufungua kitu chochote. Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka na kuingia mji wa Kisii, yakapigana na Waingereza, na katika ghasia zilizofuata misheni ya Nyabururu iliporwa. Wakazi hawakuwa na sababu kubwa ya kuwalilia wageni hawa waliokuja pamoja na kodi ya kibanda. Vita vilipokwisha mapadri, wengi wao Waholanzi, Waingereza na watu wa Austria, walianza tena. Mwaka wa 1960 jimbo la Kisii liliundwa na askofu wake wa kwanza akawa Mwafrika, Maurice Otunga, yule ambaye mwaka wa 1973 alikuja kuwa kadinali wa kwanza wa Kenya. Asumbi ilikuwa chini yake. Tangu 1993 imo katika jimbo la Homa Bay.

Mama hakujali sana tarehe hizo nilizokuwa nikimsomea kutoka kwenye daftari langu. Alitaka kuingia kanisani. Tukaingia. Ndani kulikuwa na ubaridi wa kupendeza baada ya jua la nje, na harufu ile ya nta na vumbi ambayo makanisa yote ya zamani huwa nayo. Alihesabu viti kutoka mbele kwa kidole, akaenda kukaa kwenye mmoja, upande wa kushoto, ukingoni.

"Hapa ndipo tulipokaa," alisema. Hakusema yeye na nani. Najua alikuwa na rafiki chuoni, msichana wa kutoka upande wa Kisii, waliandikiana barua hadi barua zikakoma. Alikaa kwa muda mrefu. Binti yangu alianza kuniuliza jambo nikamwashiria anyamaze. Hata kijana alikuwa amerudisha simu mfukoni.

Tulipotoka nje mama alituambia kwamba siku zao za Jumamosi wanachuo waliwasikiliza wazee wa hapo wakisimulia jinsi kazi ya ujenzi ilivyofanywa zamani: wanafunzi wa dini wakibeba mawe na maji vichwani kabla ya kuingia darasani, wanawake wakileta mchanga. "Padri alichora," alisema, "wao wakabeba." Kisha akaniuliza swali ambalo mwandishi wa magazeti alipaswa kuwa ameliuliza kwanza: majina ya hao waliobeba yameandikwa wapi? Mapadri wa mwanzo wanajulikana kwa majina vitabuni. Wabebaji sijawaona.

Usiku huo tulilala Homa Bay. Sitakuchosha na habari za hoteli. Samaki alikuwa mbichi kutoka ziwani, na hilo latosha.

Njia ya Ndhiwa

Jumamosi asubuhi tulipitia Rodi Kopany na kushika barabara ya Ndhiwa, mashamba ya miwa yakiwa pande zote mbili. Kutoka lami hadi kwenye ngome ni barabara ya udongo, na hapa nakupa ushauri bila kuombwa: usiende siku iliyofuata mvua kubwa kama gari lako ni dogo. Udongo mweusi wa huko hunata. Chukua maji ya kunywa ya kutosha, kofia, na viatu vilivyofunika vidole, maana kuna miiba na mawe. Duka la kununulia soda baridi usilitegemee. Unaweza pia kufika ukitokea mji wa Migori, umbali wa kama kilomita 46.

Jina lenyewe ni onyo. Kwa Kijaluo *thim* ni pori na *lich* ni cha kutisha. *Ohinga* ni boma au ngome. Pori la kutisha lenye ngome. Ukikaribia unaona kwanza mipungate mirefu iliyotawanya matawi kama vinara vya mishumaa, na ukuta huuoni hadi uwe karibu nao kabisa, kwa sababu una rangi ileile ya ardhi. Halafu ghafla uko mbele yako.

Ni mawe matupu. Hakuna saruji, hakuna chokaa, hakuna hata udongo wa kushikiza. Mawe ya maumbo yote yamepangwa moja juu ya jingine hadi kimo cha kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu, kwa unene wa kama mita moja. Mwelekezi wetu, kijana wa hapo mwenye sauti ya upole, alitueleza siri yake. Ukuta ni kama kuta mbili zinazotazamana, wa nje na wa ndani, na katikati pamejazwa mawe madogo madogo yanayozifunga pamoja. Jiwe moja likisukumwa, mengine hulibana. Ndiyo sababu umesimama. Wataalamu wanakadiria kwamba ulijengwa karne ya 16.

Hapo kijana wangu alipiga hesabu yake kwa sauti. Ujenzi wa Chambord ulianza mwaka wa 1519. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593. "Kwa hivyo hawa walikuwa wanajenga wakati mmoja na hao," akasema, akimtazama bibi yake. "Mfalme wa Ufaransa, Wareno, na hawa."

"Na mfalme alikuwa na chokaa," akajibu Mwalimu.

Kuna mazizi makubwa manne, yote yakiwa na majina ya watu walioishi humo: Kochieng', Kakuku, Koketch na Koluoch. Nilimwona mama akiyarudia majina hayo polepole. Hakuna aliyeyachonga kwenye jiwe la msingi, wala hapakuwa na karani, lakini majina yamebaki. Si Wajaluo peke yao walioishi hapa. Inaaminika kwamba wajenzi wa kwanza huenda walikuwa watu wa jamii za Kibantu, kisha wakaja wengine na wengine, kila kundi likiingia, likirekebisha palipobomoka na kuendelea kuishi. Ngome haikuwa ya mfalme. Ilikuwa ya familia na ng'ombe wao, wakijilinda dhidi ya wanyama wakali na watu wenye tamaa. Katika eneo hilo la kusini mwa Nyanza kumehesabiwa majengo ya mawe ya aina hii zaidi ya mia tano. Thimlich ndiyo kubwa kuliko zote na iliyohifadhika vyema zaidi. Palipokosekana mawe, watu walichimba mahandaki na kuinua kuta za udongo. Mahandaki! Yaleyale tuliyosimamishwa kwa ajili yake darasani.

Lango la kuinamia

Kisha tukafika kwenye lango la Kochieng'. Ni jembamba na fupi, juu yake kumelazwa mawe marefu ya kushikilia uzito. Mtu mzima hapiti bila kuinama. Mwelekezi alieleza kwamba adui naye ilimbidi aingie hivyo, mmoja mmoja, kichwa kikitangulia, huku walinzi wakimngojea ndani. Pembeni palikuwa na mahali palipoinuliwa pa kuchungulia wanaokuja.

Mwelekezi alimtazama mama, akayatazama magoti yake yaliyofungwa bandeji. "Mama, unaweza kutazama ukiwa hapa nje. Panaonekana vizuri."

"Mwanangu," mama akamwambia, "nimefundisha ngome miaka thelathini na miwili. Sikufundisha kutazama ukiwa nje."

Akampa binti yangu mkoba wake. Akamshika kijana begani. Akainama. Ilichukua muda, na katikati ya lango alisimama tukamsikia akivuta pumzi, nami moyo ukanidunda nikiwaza ni vipi tungemtoa humo kama magoti yangekataa. Lakini alitokea upande wa pili, akajinyoosha kidogo kidogo, akapangusa mikono. "Hata D.C. angeinama," akasema.

Ndani ni uwanja wenye nyasi, na ukiufuata mwelekezi kwa macho utaanza kuona kijiji: mabonde madogo ya mviringo ambako nyumba zilisimama, zizi la ng'ombe, mawe ya kusagia nafaka. Kando ya ngome palikuwa na mahali pa wahunzi, na mabaki ya chuma kilichoyeyushwa yamepatikana. Shanga za kioo pia zimefukuliwa, maana yake wakazi wa pori hili la kutisha waliuziana bidhaa na watu wa mbali. Binti yangu ndiye aliyegundua kilichomfurahisha kuliko vyote: mwamba uliotobolewa vishimo kwa safu. Ni *ajua*, bao la Kijaluo. Mtu alikaa hapo, ng'ombe wakiwa salama ndani ya ukuta, akacheza.

Watu walihama kabisa mwanzoni mwa karne ya 20. Amani ya mkoloni ilifanya kuta kutohitajika, na pori likarudi. Nyufa zikaanza, miti ikaota katikati ya mawe na mizizi ikayasukuma. Mwaka wa 1981 serikali iliitangaza Thimlich kuwa turathi ya kitaifa, na leo inasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mwaka wa 2018 UNESCO iliiandika katika orodha ya turathi za dunia, ikawa ya saba kutoka Kenya. Naam, orodha ileile iliyo na Mont-Saint-Michel.

Lakini orodha haipangi mawe. Mwelekezi alituambia kwamba maboma mengine madogo huko vijijini yamepungua mwaka hadi mwaka, mawe yakichukuliwa kujengea misingi ya nyumba na kuzungushia mashamba. Usiwacheke wanakijiji hao. Cluny, abasia iliyoanzishwa mwaka wa 910 na ambayo kanisa lake lilikuwa kubwa kuliko yote katika Ulaya kwa karne nyingi, iliuzwa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, ikabomolewa na mawe yake kuuzwa ya kujengea. Leo Wafaransa wanalipa fedha nyingi kuvihifadhi vipande vilivyobaki. Tofauti ni kwamba Cluny iliandikwa vitabuni kabla ya kubomolewa. Boma la mawe la kijijini likiisha, limekwisha.

Tena kuna jambo la mafundi. Ukuta wa mawe makavu haurekebishwi kwa mfuko wa saruji, kwani ukiutia saruji umeuua. Unahitaji mtu anayejua jiwe gani linakaa wapi. Mwelekezi alituonyesha sehemu zilizorekebishwa na watu wa hapo waliojifunza kazi hiyo. Kwa kweli sikuweza kutofautisha mpya na ya kale, na nadhani hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote anazoweza kupewa fundi.

Mama alikuwa amekaa kwenye jiwe, mgongo ukiegemea ukuta. Nilikwenda kuketi karibu naye.

"Asumbi walitufundisha vizuri," alisema. "Sitaki uandike kwamba hawakutufundisha. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba hii iko hapa. Na mimi nilipokuwa na darasa langu sikuuliza." Alinyamaza. "Watoto wangapi, hebu fikiria. Niliwasimamisha kwa ajili ya Chambord."

Sikupata la kumwambia. Ningeweza kusema kwamba hata serikali yenyewe haikuitambua ngome hii rasmi hadi 1981, miaka kadhaa baada yake kuanza kufundisha. Nilijua hilo halikuwa jibu analolitaka.

Wakati huo tulisikia kelele za watoto. Basi la shule ya msingi lilikuwa limefika, na wanafunzi kama arobaini wakaanza kupenya langoni mmoja mmoja, wakicheka, wale wafupi bila hata kuinama. Mwalimu wao, kijana aliyechoka na safari, alianza kuwasomea maelezo kutoka kwenye karatasi. Watoto walikuwa wakitazama ndege, wakitazama simu ya mwanangu, wakirushiana vijiwe.

Mama aliinuka. Alitembea hadi pale akichechemea, akamsalimia yule mwalimu kwa heshima zote, akamnong'oneza jambo. Kijana akakunja karatasi yake, akampisha.

"Nani ataniambia," akauliza Mwalimu kwa sauti niliyoijua tangu utotoni, "kwa nini walioijenga nyumba hii waliufanya mlango wao kuwa mfupi hivi?"

Mikono sita hivi ilipanda. Hakumchagua hata mmoja. Alimwelekezea kidole mvulana wa nyuma aliyekuwa bado na kijiwe mkononi.

Tuliondoka Thimlich saa kumi na moja kasoro, tukiwa tumechelewa sana, mume wangu akitazama mawingu upande wa ziwa na kuulaumu udongo mweusi kabla haujatukosea. Mama aliingia garini mwisho. Alimtaka kijana ampigie picha kumi na mbili za ukuta, kila moja ya mahali tofauti, na aziandalie karatasi nene ya kuning'inizwa.

"Na tarehe uziandike kubwa," alimwambia. "Macho yangu si kama zamani."